Paul Bomani

Paul Lazaro Bomani (1 Januari 1925 – 1 Aprili 2005) alikuwa mwanaushirika, mwanasiasa na mwanadiplomasia wa Tanzania. Alikuwa kiongozi mkuu wa ushirika wa wakulima wa pamba wa Usukuma katika miaka ya 1950, waziri katika serikali za Mwalimu Julius Nyerere, balozi wa Tanzania nchini Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, na Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1993 hadi kifo chake.

Bomani hakuanza na vitabu. Alijifunza mambo ya dunia kwanza kwenye mizani ya pamba, kisha katika wizara, kisha ubalozini. Alipokuwa balozi Washington, akiwa tayari mtu mzima mwenye uzoefu wa miaka mingi serikalini, alirudi darasani na kusoma shahada ya uzamili ya sera ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kwa sababu hiyo maisha yake ni mfano mzuri kwa wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa. Yanaonyesha jinsi swali la mkulima wa Bariadi, Maswa au Meatu kuhusu bei ya pamba yake lilivyo pia swali la nadharia: nani ana nguvu ya kupanga bei, na wanyonge wafanye nini ili wasikilizwe?

Maisha ya awali

Bomani alizaliwa Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, katika familia ya Kisukuma. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na watoto walilelewa katika mazingira ya misheni, ambako kusoma na kuandika vilipewa uzito mkubwa. Mdogo wake, Mark Bomani, alisomea sheria na akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania kuanzia 1965 hadi 1976.

Paul alisoma katika shule ya misheni ya Ikizu. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukarani wa hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 alihamia Mwanza na kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Kazi hizo mbili zilimpa ujuzi ambao vijana wachache wa Kiafrika wa wakati huo walikuwa nao: kutunza vitabu vya hesabu, kusoma mkataba, na kujua tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia.

Usukuma na pamba

Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu lilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa wakati wa utawala wa Waingereza. Sehemu kubwa yake ilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa, ambayo baadaye ilimegwa na kuzaa wilaya nyingine, Bariadi ikiwa mojawapo. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na wilaya za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu.

Pamba ilikuwa imelimwa Usukuma tangu enzi za Wajerumani, lakini ilipata nguvu mpya baada ya reli ya kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928. Reli hiyo ilipita Malampaka, ndani ya Maswa, na hivyo marobota ya pamba yakapata njia ya kufika bandarini. Mkulima alipanda mbegu mwezi wa Novemba au Desemba, akavuna kuanzia Mei, akachambua pamba nyeupe na kuitenga na chafu, kisha akaipeleka kwa mnunuzi.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Ununuzi na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wakiwa Waasia. Wakulima walilalamika kwamba mizani zilichezewa, kwamba daraja la pamba lilishushwa bila sababu, na kwamba mtu asiyejua kusoma hakuwa na namna ya kuhakiki kilichoandikwa kwenye karatasi. Aliyekuwa amelima miezi sita alimkabidhi mtu mwingine jasho lake na kusubiri aambiwe lina thamani gani.

Juu ya mnunuzi wa kijijini kulikuwa na mlolongo mrefu zaidi. Takriban kilo tatu za pamba mbegu hutoa kilo moja tu ya nyuzi. Nyuzi hizo ndizo zinazouzwa nje, na bei yake ilipangwa katika masoko ya mbali, kama Liverpool na New York. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei ya pamba duniani ilipanda, na ilishuka tena baadaye. Mkulima wa Maswa hakuwa na sehemu yoyote katika vita hivyo, lakini mfuko wake uliguswa.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mipango yake. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulilenga kuhifadhi udongo, kupunguza mifugo na kuhamishia watu maeneo yenye nafasi. Baadhi ya hatua zilikuwa na maana ya kitaalamu, lakini nyingi zilitekelezwa kwa amri na faini kupitia watemi, ambao baraza lao la shirikisho lilikutana Malya. Wakulima wakajikuta wakibanwa na mnunuzi upande mmoja na serikali upande mwingine.

Kuanzishwa kwa ushirika

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wa Umoja wa Wasukuma na wa chama cha TAA katika Jimbo la Ziwa. Pamoja na wenzake alizunguka vijijini kuwaeleza wakulima kwamba mtu mmoja mwenye gunia moja hawezi kubishana na mnunuzi, lakini kijiji kizima chenye mizani yake kinaweza. Wakulima wenyewe walikuwa tayari kwa wazo hilo. Sehemu nyingine walikwisha kuanza kuweka watu wao wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, ili wajue uzito wa kweli.

Kutokana na juhudi hizo kilianzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na baadaye vyama vya msingi viliandikishwa kisheria chini ya idara ya ushirika ya serikali. Bomani alipelekwa Uingereza kusomea ushirika katika Chuo cha Loughborough mnamo 1953 na 1954. Aliporudi alikuta vyama vimeongezeka. Mwaka 1955 viliungana na kuunda Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao makao yake yalikuwa Mwanza, na Bomani akawa meneja mkuu.

Muundo wake ulikuwa wa ngazi tatu. Chini kabisa kulikuwa na chama cha msingi, ambako mkulima alipima pamba yake na kulipwa. Juu yake kulikuwa na vyama vikuu vya maeneo, vikiwemo vya upande wa Maswa. Juu kabisa kulikuwa na Muungano, ambao ulishughulikia mikopo, usafirishaji, uchambuaji na mazungumzo na bodi ya mauzo. Ilipofika 1959 ushirika ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba katika jimbo zima. Kabla ya uhuru, Muungano wa Victoria ulihesabiwa kuwa mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Mafanikio hayo yalikuwa ya kiuchumi na ya kisiasa pia. Wakulima waliona kwamba jambo lililoonekana kuwa la kudumu, yaani mnunuzi mwenye mizani yake, lingeweza kubadilishwa ndani ya miaka michache bila kumwaga damu.

TANU na uhuru

Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilikizuia kufanya kazi Usukuma, na zuio hilo lilidumu hadi 1958. Katika miaka hiyo minne vyama vya ushirika vilikuwa mahali pa pekee ambapo wakulima wangeweza kukutana kwa wingi kisheria. Mikutano ilizungumzia mbegu, dawa na malipo, lakini ilijenga pia mtandao wa watu waliofahamiana kutoka wilaya hadi wilaya.

Bomani mwenyewe aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria katikati ya miaka ya 1950. Nafasi hiyo ilikuwa ngumu. Ndani ya baraza alitakiwa kusema kwa lugha ya kamati na bajeti. Nje yake, wakulima waliomwamini walikuwa wakipinga faini na amri za serikali hiyohiyo. Wapo waliomwona mpole mno. Hata hivyo alibaki na imani ya pande nyingi, na ushirika haukufungwa.

Baada ya TANU kushinda uchaguzi wa 1960, Nyerere aliunda serikali na kumteua Bomani kuwa waziri wa kilimo na ushirika.

Uwaziri, 1960–1972

Mwaka 1962 Bomani alichukua Wizara ya Fedha kutoka kwa Ernest Vasey na kuwa Mwafrika wa kwanza kuishika. Alikuwa na umri wa miaka 37. Nchi ilikuwa na wasomi wachache na fedha kidogo, na mapato yake ya nje yalitegemea mazao machache: mkonge, pamba na kahawa.

Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano ulianza mwaka 1964, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitarajiwa kutoka nje. Matukio ya miaka iliyofuata yalionyesha hatari ya matarajio hayo. Baada ya muungano wa Tanganyika na Zanzibar kulitokea mgogoro na Ujerumani Magharibi kuhusu uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, na misaada ikapungua. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo uliokuwa ukijadiliwa ukasimamishwa. Katika 1965 hiyohiyo nchi tatu za Afrika Mashariki zilitangaza kwamba kila moja itaanzisha sarafu yake, na Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa Juni 1966.

Mwaka 1965 Bomani alipata pigo la kisiasa. Katika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wapiga kura wa Mwanza walimnyima ubunge, ingawa alikuwa waziri wa fedha na mtu aliyejulikana kuliko wengi. Tukio hilo hutajwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba uchaguzi ule ulikuwa na ushindani wa kweli. Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo. Baadaye, hadi 1972, aliongoza wizara ya biashara na viwanda.

Kwa hiyo kabla ya kwenda ng'ambo Bomani alikuwa amekaa kila upande wa meza. Alikuwa amemtetea mkulima dhidi ya mnunuzi, akapanga kodi za mkulima huyohuyo, na akaomba mikopo kwa mataifa yaliyonunua pamba yake.

Balozi Washington

Mwaka 1972 Bomani aliteuliwa kuwa balozi nchini Marekani, akiiwakilisha Tanzania pia Mexico. Alikaa Washington miaka kumi na mmoja, akiwaona marais wanne: Nixon, Ford, Carter na Reagan.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu. Mwishoni mwa 1973 bei ya mafuta ilipanda mara kadhaa, wakati ukame ulikuwa umepunguza mavuno ya chakula Tanzania. Nchi ilihitaji nafaka na mikopo. Wakati huohuo ilikuwa mstari wa mbele katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, mahali ambapo msimamo wake na wa Marekani mara nyingi ulipingana. Mwaka 1971 bunge la Marekani lilikuwa limeruhusu madini ya kromu kuagizwa kutoka Rhodesia kinyume cha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 1977 tu. Katika vita vya Angola vya 1975 na 1976 Tanzania iliiunga mkono MPLA, na Marekani iliwasaidia wapinzani wake.

Mwaka 1976 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Henry Kissinger, alifika Dar es Salaam mwezi wa Aprili na wa Septemba kuzungumza na Nyerere kuhusu Rhodesia. Agosti 1977 Nyerere alikwenda Washington kwa mazungumzo na Rais Carter. Kazi ya balozi katika mambo ya aina hii haionekani sana: kuandaa ziara, kueleza msimamo wa nchi yake kwa wabunge na waandishi wa habari, na kuiambia serikali ya nyumbani mambo yalivyo, hata yasiyopendeza.

Masomo ya uzamili

Katika miaka ya 1970, akiendelea na ubalozi, Bomani alisoma na kupata shahada ya uzamili ya sera ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Chuo hicho kiko Baltimore, lakini shule yake ya masomo ya kimataifa, iliyoanzishwa mwaka 1943, iko Washington kwenyewe. Hakuwa peke yake. Salim Ahmed Salim, mwakilishi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, naye alisoma shahada ya uzamili New York katika Chuo Kikuu cha Columbia katika kipindi hichohicho cha utumishi wake. Benjamin Mkapa, aliyempokea Bomani ubalozi wa Washington mwaka 1983, alikuwa amesoma Columbia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tanganyika ilipopata uhuru haikuwa na kada ya wanadiplomasia waliofunzwa, na wengi walijifunza kazi na nadharia kwa pamoja.

Mwanafunzi wa uzamili wa uhusiano wa kimataifa wakati huo alikutana na mikondo mitatu mikuu ya mawazo.

Wa kwanza ni uhalisia. Mwandishi wake aliyesomwa zaidi alikuwa Hans Morgenthau, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1948. Kwa mkondo huu dunia haina serikali ya juu, kila dola hujali maslahi yake, na kinachoamua mambo ni nguvu. Kissinger, aliyekuwa profesa kabla ya kuwa waziri, kwa kawaida huhesabiwa katika mkondo huu. Mwaka 1979 Kenneth Waltz aliupa sura mpya kwa kueleza kwamba si tabia ya viongozi bali mgawanyo wa nguvu kati ya dola ndio unaoamua mwenendo wao.

Wa pili ni uliberali. Huu husema kwamba biashara, sheria na mashirika ya kimataifa huweza kupunguza ugomvi na kuzifanya dola zishirikiane. Mwaka 1977 Robert Keohane na Joseph Nye walichapisha kitabu kuhusu kutegemeana kwa mataifa, wakionyesha kwamba nguvu za kijeshi hazitatui kila jambo. Lakini walieleza pia kwamba kutegemeana si lazima kuwe kwa usawa: anayemhitaji mwenzake kidogo ndiye mwenye nguvu.

Wa tatu ni nadharia ya utegemezi, iliyokua Amerika ya Kusini. Raúl Prebisch wa Argentina alieleza tangu mwisho wa miaka ya 1940 kwamba bei za malighafi hushuka polepole zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani, hivyo nchi inayouza pamba hulazimika kuuza zaidi ili kununua trekta lilelile. Mwaka 1964 aliongoza mkutano uliozaa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Dar es Salaam nako mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1972 kitabu maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma.

Mwaka 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza nia ya kuanzisha mfumo mpya wa uchumi wa kimataifa. Mei 1976 UNCTAD ilikutana Nairobi na kupitisha mpango wa kuimarisha bei za malighafi, pamba ikiwa miongoni mwa malighafi kumi za msingi, pamoja na kahawa, chai na mkonge. Kwa nchi kama Tanzania nadharia zilikuwa zimekuwa ajenda ya mkutano.

Nadharia na pamba ya Bariadi

Nadharia hizi tatu zinaweza kupimwa kwa historia ambayo Bomani aliishiriki.

Mkulima wa miaka ya 1940 aliyesimama mbele ya mizani ya mfanyabiashara alikuwa katika hali ambayo uhalisia unaieleza: mwenye nguvu alipanga, mnyonge alikubali. Kutegemeana kulikuwapo, kwa sababu mnunuzi bila pamba hana biashara. Lakini mnunuzi aliweza kwenda kijiji cha pili, na mkulima hakuweza kukaa na pamba hadi mvua ziinyeshee. Hii ndiyo tofauti ya nguvu ambayo Keohane na Nye waliieleza kwa mataifa.

Ushirika ulibadilisha uwiano huo. Haukumfanya mnunuzi awe mwema; ulimwondolea uwezo wa kuwagawanya wauzaji. Wazo hilohilo lilifika ngazi ya dunia. Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77, yaani umoja wa nchi zinazoendelea, walikutana Arusha, na Nyerere aliwahimiza kujiona kama chama cha wafanyakazi cha maskini kinachojadiliana na matajiri. Kati ya chama cha msingi cha Maswa na Kundi la 77 tofauti ni ya ukubwa tu. Shabaha ni moja.

Hata hivyo tofauti hiyo ya ukubwa ilikuwa na uzito. Ushirika wa Usukuma ulifaulu kwa sababu sheria ya nchi iliutambua na hatimaye kuupa haki ya kununua pamba yote. Duniani hakuna serikali ya kutoa haki ya aina hiyo. Mfuko wa pamoja wa malighafi ulikubaliwa mwaka 1980, lakini haukuanza kazi hadi 1989, wakati mikataba mingi ya bei ilikuwa imekwisha kudhoofika. Uliberali ulikuwa sahihi kwamba taasisi ni muhimu, na uhalisia ulikuwa sahihi kwamba taasisi hufika pale tu wenye nguvu wanapoziruhusu kufika.

Hatima ya ushirika

Muungano wa Victoria wenyewe haukudumu kama Bomani alivyouacha. Baada ya uhuru ulikua haraka kuliko uwezo wa makarani na wakaguzi wake. Malalamiko ya wakulima kuhusu makato, upotevu na upendeleo yaliongezeka. Mwaka 1966 tume maalumu ya rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, na serikali ikaingilia uongozi wa Muungano. Mwaka 1968 ulipangwa upya kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote nchini na kukabidhi ununuzi kwa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ilivirudisha, na wakulima wa Maswa, Bariadi na Meatu wakahudumiwa na chama kikuu cha Mkoa wa Shinyanga.

Historia hii ni onyo lililomo ndani ya sifa za Bomani. Mkulima alijiunga na ushirika ili apate mizani ya haki. Pale mizani ya ushirika ilipoacha kuaminika, au malipo yalipochelewa, hakuwa na sababu ya kuuona tofauti na mnunuzi wa zamani. Chombo cha wanyonge hupata nguvu kutokana na umoja wao, na umoja hutegemea hesabu zilizo wazi.

Miaka ya mwisho

Bomani alirejea nyumbani mwaka 1983 na kushika tena nyadhifa za uwaziri katika miaka ya 1980. Baada ya kustaafu siasa aliongoza bodi za mashirika, ikiwemo ya Kampuni ya Bia Tanzania. Mwaka 1993 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cheo ambacho kabla yake kilishikwa na rais wa nchi. Kwa miaka kumi na miwili mtu aliyeanza kama karani wa hesabu alitunuku shahada kwa wahitimu.

Alifariki London tarehe 1 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80.

Urithi

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, tarehe 3 Machi 2005, chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani kilithibitisha uamuzi dhidi ya ruzuku ambazo Marekani ilikuwa ikiwapa wakulima wake wa pamba. Kesi ilifunguliwa na Brazil, lakini nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilikuwa zimepeleka dai lao la pamba katika shirika hilo tangu 2003. Marekani ilichukua miaka mingi kubadili sera zake, na hatimaye mgogoro ulimalizwa kwa makubaliano na Brazil. Swali la nani anapanga bei ya pamba lilikuwa limefika mahakamani, lakini jibu lilipatikana zaidi kwa nchi kubwa kuliko kwa nchi ndogo.

Leo Mkoa wa Simiyu ndio unaoongoza kwa uzalishaji wa pamba Tanzania. Mkulima wa Bariadi huuza kupitia chama cha ushirika cha msingi, na serikali hutangaza bei elekezi mwanzoni mwa msimu. Msimu wa 2019 bei hiyo ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia iliposhuka, wanunuzi wengi walisita, na pamba ya wakulima ikakaa ghalani ikisubiri. Hali hiyo ingeeleweka upesi na mkulima yeyote wa Maswa wa mwaka 1950.

Mwanafunzi wa leo hahitaji kwenda Washington ili kuyasoma mambo haya. Uhusiano wa kimataifa hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Maisha ya Bomani yanaonyesha faida ya masomo hayo. Nadharia haikupandisha bei ya kilo moja ya pamba. Ilimpa mtu aliyekwisha kuyaona mambo kwa macho yake majina ya kuyaita na njia ya kuyalinganisha, ili kilichotokea kwenye mizani ya kijiji kisichukuliwe kuwa bahati mbaya ya kijiji kimoja.